Mpito wa Sauti na Picha Katika Uhariri wa Filamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wahariri chipukizi wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Siaya huyarudia kila mara: wanaohariri harusi na mazishi, video za kwaya, makala za mashirika na filamu fupi. Yameanza na ya msingi, yakafuata yale yanayokukuta ukiwa umeketi mbele ya kompyuta usiku na mteja anasubiri asubuhi. Jibu likihitaji jambo lililokwisha kuelezwa, nimetaja nambari ya swali.

## Misingi

1. Mpito ni nini hasa?

Ni namna shoti moja inavyoiachia nyingine nafasi. Upo mpito wa picha na upo mpito wa sauti, na wengi wanaoanza huamini kwamba hivi viwili lazima vitokee mahali pamoja. Si lazima. Kwenye taimulaini, yaani ule mstari wa muda unapopanga klipu, picha na sauti ni vipande viwili hata kama vimetoka kwenye kamera moja. Unaweza kukata picha hapa, na sauti ukaikata fremu kumi mapema (fremu ni picha moja tuli kati ya zile zinazounda video), au sekunde mbili baadaye, au usiikate kabisa.

Nikiulizwa ni jambo gani moja mhariri anapaswa kulishika kabla ya mengine yote, nitajibu hilo. Jicho limezoea kuhama ghafla. Unageuza kichwa, unafumba na kufumbua, na mbele yako pana kitu kingine. Sikio halina kope. Sauti ya mahali haikatiki ghafla katika maisha ya kawaida, na ikikatika mtazamaji hushtuka hata asipojua kilichomshtua. Ndiyo maana mtu anakuambia, "Hii video inarukaruka," nawe unaikagua mikato yote ya picha huoni tatizo. Tatizo liko chini, kwenye traki za sauti.

2. Aina za mpito wa picha ni zipi?

Mkato wa moja kwa moja: fremu ya mwisho ya shoti moja inafuatwa mara moja na fremu ya kwanza ya nyingine. Myeyuko: shoti ya kwanza inafifia huku ya pili ikijitokeza juu yake. Kufifia: picha inazama gizani, au inaibuka kutoka gizani. Mfuto: ukingo unapita kwenye skrini na kuifuta shoti ya zamani. Mingine mingi unayoiona kwenye programu za simu ni watoto wa hii minne.

Mkato wa moja kwa moja ndio unaobeba sehemu kubwa kabisa ya filamu yoyote. Myeyuko ni wa kale. Mfaransa Georges Méliès aliutumia mwaka 1899 kuunganisha mandhari zake. Enzi za filamu ya utepe, mhariri aliyetaka myeyuko aliuchora kwa penseli ya nta juu ya utepe, kisha maabara ikautengeneza kwa gharama na kwa kusubiri. Kwa hiyo alijiuliza mara mbili. Leo ni kubofya mara moja, na swali lile la pili halimjii mtu kichwani.

3. Nifanye kazi kwa fremu ngapi kwa sekunde?

Kwa kazi za hapa nyumbani, 25. Runinga ya Kenya ilijengwa juu ya mfumo wa fremu 25, na stima yetu ni ya hezi 50, kwa hiyo shata ya 1/50 au 1/100 haitaonyesha taa zikimetameta.

Hesabu moja ya kukaa nayo: kwa fremu 25, fremu moja ni milisekunde 40. Sauti ya video kwa kawaida hurekodiwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya wimbi la sauti, 48,000 kwa sekunde, maana yake ndani ya fremu moja mna sampuli 1,920. Picha huwezi kuikata katikati ya fremu. Sauti unaweza. Hili litatusaidia kwenye swali la 7 na la 16.

4. Lazima ninunue programu ya bei?

Hapana. DaVinci Resolve ina toleo la bure, Kdenlive na Shotcut ni za bure kabisa, na zote zinakuwezesha kutenganisha sauti na picha. Ukiwa na simu tu, tafuta programu inayokuruhusu kuitoa sauti kwenye klipu na kuisogeza peke yake. Hicho ndicho kigezo. Wingi wa madoido usikubabaishe.

## Sauti

5. Mkato wa J na mkato wa L ni nini?

Katika mkato wa J, sauti ya shoti ijayo inaanza kusikika huku picha ya zamani bado iko kwenye skrini. Katika mkato wa L, picha inabadilika lakini sauti ya zamani inaendelea chini ya picha mpya. Ukiviangalia vipande kwenye taimulaini, picha juu na sauti chini, vinafanana na herufi hizo.

Kwenye mazungumzo, L hukuonyesha uso wa anayesikiliza, na mara nyingi huko ndiko kuliko na habari. Baba anasema ameuza shamba. Maneno yanaendelea, lakini sisi tunamtazama mama. J nayo inamwita mtazamaji: anasikia kitu asichokiona, anataka kukiona, na unapomletea picha anaipokea kama kitu alichokuwa anakisubiri. Mkato wenyewe hauoni.

6. Sauti itangulie kwa fremu ngapi?

Hakuna kipimo cha sheria. Kwenye mazungumzo ya kawaida mimi huanza na fremu 6 hadi 12, kisha nasikiliza. Kuhama kutoka mandhari moja hadi nyingine kunaweza kubeba sekunde moja au mbili.

Chukua mfano. Shoti ya kwanza: alfajiri ufuoni Dunga, mvuvi anakusanya wavu ndani ya mtumbwi. Shoti ya pili: mama anakaanga ngege kwenye kibanda. Ukikata picha na sauti pamoja, maji yanazimika na mafuta yanalipuka masikioni. Fanya hivi badala yake. Fremu 30 kabla ya mkato wa picha, ingiza sauti ya mafuta yanayochemka polepole, samaki wengine wakiwa tayari ndani, ikiwa chini sana. Mtazamaji anaweza hata kudhani ni mchanga na maji yakikokotana. Ipandishe taratibu. Kata picha sawasawa kwenye fremu ambayo samaki mbichi anagusa mafuta, na mlio ule mkubwa uwe kamili hapo hapo. Sauti ya maji ya ziwa usiikate. Iache ipite chini ya kibanda kwa sekunde moja na nusu ikiisha pole pole.

Sikiliza mara ya kwanza ukiwa umefumba macho. Ukitambua mahali ambapo sehemu moja imeisha na nyingine kuanza, rudi ukarefushe mojawapo ya mikia. Kisha tazama bila sauti. Mkato wa picha utaonekana mkali, na hilo ni sawa, kwa sababu kazi ya kulainisha imefanywa na sauti.

7. Kwa nini nasikia "tak" mahali nilipokata?

Sauti ni wimbi linalopanda na kushuka kupita mstari wa sifuri. Ukilikata likiwa juu, na kipande kinachofuata kinaanza likiwa chini, spika inalazimika kuruka kutoka pale hadi huku kwa mara moja, na mruko huo ndio mlio unaousikia. Hauna uhusiano na ubora wa maikrofoni yako.

Dawa ni ndogo. Weka upishano mfupi, yaani sauti moja ishuke huku nyingine ikipanda, kwa fremu moja au mbili kwenye kila mkato wa sauti. Nasema kila mkato, hata ule usiosikia mlio wake. Spika za laputopu huficha mengi, na siku video inapochezwa kwenye spika kubwa za kanisa mlio huo utasikika hadi mlango wa nyuma.

8. "Sauti ya chumba" ni nini, na kwa nini niirekodi?

Kila mahali pana sauti yake hata watu wakinyamaza. Ofisi ya Oginga Odinga Street ina feni na tuktuk za mbali. Nyumba ya Nakuru karibu na barabara kuu ina malori. Boma la Siaya lina kuku, upepo kwenye migomba na redio ya jirani. Mkato wa mahojiano unapoacha pengo, hata la robo sekunde, sauti hiyo inatoweka na mtazamaji anahisi kama amezibwa masikio.

Kwa hiyo, kabla hamjafungasha vifaa, waombe wote wasimame kimya mahali walipo, maikrofoni ibaki pale pale, kiwango cha sauti kibaki kile kile, na mrekodi sekunde 60. Usiwatoe watu nje kwanza. Miili yao na nguo zao hubadilisha chumba. Kipande hicho ukitandaze chini ya mahojiano yote, kwenye traki yake. Kitaziba mapengo, na kitafanya mikato ya maneno isijulikane.

Kama hukurekodi, tafuta ndani ya klipu zile nafasi ndogo ambapo mtu amevuta fikra kabla ya kujibu. Ziunganishe kwa upishano mpaka zifike sekunde kadhaa. Jihadhari na kipande kimoja kifupi kinachojirudia: ndege yule yule akilia kila baada ya sekunde tatu, watu watamgundua.

9. Upishano wa sauti una aina mbili au tatu kwenye programu. Nichague upi?

Jiulize kama pande mbili ni sauti tofauti au ni sauti ile ile. Zikiwa tofauti, kwa mfano soko na kanisa, tumia upishano wa nguvu sawa, ule ambao katikati kila upande umeshuka kwa desibeli 3 tu. Ukitumia ule wa mstari ulionyooka, katikati kila upande umeshuka desibeli 6, na jumla yake inaacha bonde dogo la ukimya.

Zikiwa sauti ile ile, kama rekodi moja ya mtu uliyoikata na kuirudisha, mambo hugeuka: wa nguvu sawa utaleta kilima katikati, na wa mstari ulionyooka ndio utakaofaa. Wengi wanasikia kilima hicho wakakimbilia kushusha sauti kwa mkono. Badilisha aina ya upishano kwanza.

10. Naweza kuunganisha mandhari mbili kwa kufananisha sauti?

Unaweza, na naona wahariri wetu wanaitumia njia hii kidogo mno kwa jinsi mazingira yetu yalivyojaa sauti. Nyundo ya fundi wa jua kali Kibuye ina mdundo; ngoma ya kwaya ina mdundo. Tafuta pigo moja la nyundo na pigo moja la ngoma, yalinganishe, na ukate picha hapo. Injini ya mtumbwi na injini ya cherehani. Filimbi ya refa na filimbi ya askari wa trafiki.

Mfano maarufu ni wa mwaka 1935, katika filamu ya Alfred Hitchcock *The 39 Steps*: mwanamke anakuta maiti, anageuka na kufungua kinywa, na badala ya mayowe tunasikia mlio mkali wa treni ya mandhari inayofuata. Filamu za sauti hazikuwa zimetimiza hata miaka kumi, na tayari mtu alikuwa ametambua kwamba sauti inaweza kuvusha watazamaji kutoka mahali hadi mahali kuliko maelezo yoyote.

11. Je, ukimya unaweza kuwa mpito?

Ndiyo, ukiutengeneza. Usiweke pengo tupu la kompyuta; hilo husikika kama kifaa kimeharibika. Shusha kelele za karibu, bakiza kitu kimoja cha mbali, mbwa au upepo, kisha uvuke.

## Picha

12. Nitajuaje kama mahali hapa panataka mkato au myeyuko?

Uliza kama muda umepita. Mambo yakiwa yanaendelea katika saa ile ile, kata. Kama msimu umebadilika, mtoto amekua, au mtu amezama kwenye kumbukumbu, myeyuko una sababu ya kuwepo. Kufifia gizani ni kuzito zaidi: unamwambia mtazamaji kwamba sura hii imefungwa. Ukikutumia kila baada ya dakika mbili, ataanza kutafuta viatu vyake.

Hata pale muda ulipopita, jaribu mkato kwanza. Katika *Lawrence of Arabia* ya mwaka 1962, mtu anapuliza njiti ya kiberiti na ghafla tuko jangwani jua linachomoza. Hati ilipanga myeyuko. Mhariri Anne V. Coates na mwongozaji walipoutazama mkato mtupu kwenye nakala ya kazi, kabla myeyuko haujatengenezwa, waliona una nguvu kuliko walivyopanga, wakaubakiza.

13. Nikikata mahojiano ya mtu mmoja kichwa chake kinaruka. Nifanye nini?

Hiyo hutokea kwa sababu shoti mbili zinafanana mno. Kanuni ya zamani inasema sogeza kamera angalau nyuzi 30 kati ya shoti na shoti, na ubadilishe pia ukubwa, kutoka kifuani hadi uso mtupu. Kama umefika nyumbani na una pembe moja tu, funika mkato kwa picha nyingine: mikono yake, picha ukutani, ng'ombe nje. Hapo mkato wa L utakusaidia (swali la 5).

Mruko wenyewe si dhambi. Mwaka 1960 Jean-Luc Godard aliujaza katika *À bout de souffle*, na leo vijana wanaozungumza mbele ya simu wanautumia kila siku. Ila uonekane umekusudiwa: rukia mara nyingi, kwa mdundo, au usiruke kabisa. Mruko mmoja katikati ya mahojiano tulivu ni doa.

14. Programu inakataa kuweka myeyuko, au picha inaganda katikati yake. Kwa nini?

Umetumia klipu mpaka fremu yake ya mwisho. Myeyuko wa sekunde moja uliowekwa katikati ya mkato unahitaji fremu 12 au 13 za ziada baada ya mwisho wa shoti ya kwanza, na kiasi hicho hicho kabla ya mwanzo wa shoti ya pili. Zisipokuwepo, programu inakataa au inagandisha fremu ya mwisho. Punguza klipu zote mbili kidogo. Na siku ya kupiga, mwambie mpiga picha aanze sekunde tano kabla ya tukio na aache sekunde tano baada yake.

15. Vipi madoido ya simu: kuzunguka, kumeta, ukurasa kugeuka?

Kwenye tangazo la sekunde 15 la duka la nguo, sawa. Kwenye habari ya mtu, yaache.

16. Nikikata kwa kufuata mdundo wa muziki, mbona mikato inaanza kupishana na ngoma?

Kwa sababu mdundo hauangukii juu ya fremu kila mara. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo kila nusu sekunde, sawa na fremu 12.5. Ile nusu haipo. Ukikata kila baada ya fremu 12, kufikia pigo la kumi umetangulia kwa fremu tano, na macho yanaona. Weka alama kwenye wimbo wenyewe, pigo kwa pigo, na ukate kwenye fremu iliyo karibu. Muziki wa ohangla, kwa kasi yake, haukusamehei. Afadhali ukate kila baada ya mapigo manne kuliko kila pigo.

Ukifupisha wimbo, kata muziki kwenye mawimbi yake, kwa sampuli, kabla kidogo ya pigo la ngoma, na pigo lenyewe litaficha mshono.

## Harusi, mazishi, kwaya na mahojiano

17. Hotuba za mazishi ni ndefu na familia inataka dakika 40. Naunganishaje bila kumkatiza mtu?

Kwanza, kata kwenye pumzi na si kwenye neno. Kila msemaji huvuta pumzi kabla ya wazo jipya. Acha pumzi hiyo ibaki na kipande kinachofuata. Ukiiondoa, mtu atasikika kama mashine inayosoma.

Pili, kati ya msemaji na msemaji tumia sauti ya mahali hapo. Baada ya mwana kumaliza kumzungumzia baba yake, waache watu waitikie, iache kwaya ianze nyuma, na mstari wa kwanza wa wimbo usikike kabla hatujawaona waimbaji. Wape sekunde tatu, nne. Huu ni msiba, hakuna anayeharakisha. Mfuto au ukurasa unaogeuka kati ya machozi na machozi humuumiza mfiwa kila anapoitazama kanda hiyo, na ataitazama kwa miaka.

Tatizo kubwa ni muziki unaochezwa na mshereheshaji chini ya hotuba. Ukikata maneno, wimbo unaruka. Hakuna programu itakayokutengenezea hilo vizuri, kwa hiyo ongea naye kabla ya shughuli kuanza umwombe azime muziki hotuba zikianza. Ikishindikana, kata tu pale panapotokea makofi, vigelegele au kicheko, ukiweka vigelegele hivyo juu ya mshono.

18. Nina kamera tatu kwenye ibada, na kwaya inaimba. Sauti ipi niitumie?

Moja tu, kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, ile iliyotoka kwenye mitambo ya sauti au kinasa sauti kizuri. Sauti za kamera zitumie kulinganishia kisha uzizime, isipokuwa moja iliyo chini kabisa kukupa ukubwa wa ukumbi. Picha ziruke zitakavyo kati ya soprano na mpiga kinanda, sauti isiguswe. Kwaya ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa mikato ya picha, kwa sababu wimbo unashikilia kila kitu.

19. Mhojiwa anazungumza Dholuo au Lulogooli nami sielewi. Nikate wapi, na maandishi ya tafsiri yatokee lini?

Usikate peke yako. Keti na mtu anayeijua lugha hiyo, hata kama ni binamu yake msemaji, akuonyeshe sentensi inakoishia. Kutulia kwa sauti si mwisho wa wazo. Mzee anaweza kunyamaza sekunde tatu kisha alete lile neno ambalo lilikuwa ndilo jibu. Nimeona makala nzima ikimfanya mtu aseme kinyume kwa sababu mhariri alikata kwenye ukimya.

Maandishi hufuata sauti. Ukitumia mkato wa J na sauti ya bibi ikaanza tukiwa bado tunaangalia ziwa, maandishi yaanze pale anapoanza kusema, juu ya picha ya ziwa. Kitu kimoja cha kuepuka ni maandishi yanayovuka mkato kwa fremu mbili tatu, kwa kuwa jicho hudhani ni mstari mpya na kuanza kuusoma tena. Yaondoe kwenye mkato wenyewe, au yaache yavuke kwa sekunde nzima.

20. Mvua imeanza katikati ya mahojiano, na nyumba ni ya mabati. Nimeharibikiwa?

Hujaharibikiwa, ila usijaribu kuiondoa. Mvua ya mabati hujaza masafa yote, yale yale yanayobeba "s", "f" na "sh" za msemaji, na programu ya kusafisha kelele itazila herufi hizo pia. Atabaki akisikika kama yuko chini ya maji.

Ifanye mvua iwe sehemu ya habari. Kisumu mvua ya jioni hushuka kwa kishindo, na watu wa huku wanaijua. Mahojiano yakisimama, rekodi dakika mbili za mvua peke yake, na upige picha ya paa, maji yakitiririka kwenye mfereji, watoto wakianua nguo. Wakati wa kuhariri, ingiza mvua taratibu chini ya sentensi ya mwisho ya sehemu kavu. Onyesha paa. Endelea na sehemu yenye mvua. Mtazamaji ataona mvua imenyesha, basi. Kisichowezekana ni kurudi kwenye sehemu kavu katikati halafu mvua tena. Panga majibu upya ili yale makavu yawe mwanzoni.

21. Stima ilipotea, jenereta ikawashwa. Nusu ya kazi ina mngurumo.

Ni rahisi kuliko mvua, kwa kuwa mngurumo ni wa namna moja muda wote na programu za kusafisha huumudu ukizipa sekunde chache za jenereta peke yake zijifunze. Safisha kiasi tu. Kisha weka jenereta ya chini sana chini ya sehemu safi, uifanye iishe polepole kwa sekunde mbili tatu mahali pa mkato wa mandhari.

## Mambo yanayotatiza

22. Mwanzoni midomo na sauti vinalingana, baada ya dakika kumi vimeachana.

Ukirekodi kwa simu, chanzo ni karibu kila mara hiki: simu haitunzi idadi moja ya fremu. Huzipunguza fremu mwanga ukiwa hafifu, huziongeza mwanga ukirudi, na programu ya kuhariri inadhani ni 30 muda wote. Pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua idadi ya fremu isiyobadilika, kisha ndiyo uhariri. Mara nyingine piga kwa programu ya kamera inayofunga idadi ya fremu, kama Blackmagic Camera, ambayo ni ya bure.

Kama ni kinasa sauti na kamera, saa za vifaa hivyo viwili hazilingani kabisa, na kwa ibada ndefu tofauti hujionyesha. Kata sauti kwenye kimya kati ya nyimbo na uisogeze fremu moja, hakuna atakayejua.

Upande gani ni mbaya zaidi? Sauti kutangulia. Vipimo vya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, vinaonyesha watu huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa huvumilia mpaka kama 125. Maumbile yametuzoesha: radi huja baada ya umeme.

23. Nilipiga mkutano nikiwa mbali, na maneno yanachelewa ingawa hakuna nilichokata.

Sauti husafiri kama mita 345 hivi kwa sekunde kwenye joto letu. Ukisimama mita 70 kutoka kwenye spika, pale Jomo Kenyatta Sports Ground kwa mfano, sauti inakufikia baada ya sehemu ya tano ya sekunde, yaani fremu tano. Kwenye shoti pana iache ilivyo, inatoa hisia ya umbali. Ukikata kwenda uso wa karibu uliovutwa kwa lenzi, sogeza sauti ianze fremu tano mapema. Ukiwa na rekodi ya jukwaani, tumia hiyo kwa shoti zote.

24. Myeyuko wangu ni laini kwenye kompyuta, lakini kwenye WhatsApp unavunjika vipande vipande.

Video hubanwa kwa kuhifadhi kilichobadilika kati ya fremu na fremu. Kwenye mkato kinabadilika kila kitu mara moja, kisha kunatulia. Kwenye myeyuko kila nukta ya picha inabadilika katika kila fremu kwa sekunde nzima, na faili ndogo haina nafasi ya kuyabeba hayo. Tuma kama hati badala ya video, au tengeneza nakala ya WhatsApp ambayo myeyuko umebadilishwa kuwa mkato, ukiacha upishano wa sauti kama ulivyo.

25. Kila nikivuka kutoka mahojiano kwenda muziki, mzee anaomba rimoti apunguze sauti.

Muziki uliomaliziwa studioni umebanwa uwe mkubwa muda wote. Maneno ya mtu hupanda na kushuka. Mita ya vilele itakudanganya kwamba vinalingana. Tumia mita ya LUFS, ambayo hupima kama sikio linavyosikia. YouTube hushusha video zinazozidi kama -14; runinga zinazofuata kipimo cha Ulaya hutaka -23. Chagua lengo moja, maneno yakae hapo, kisha muziki unaoingia baada ya maneno uanze chini yake kwa desibeli tatu nne na upande ndani ya sekunde mbili. Ukishamaliza, icheze kwenye runinga ya sebuleni, si kwenye vipokea sauti vyako, na rimoti mwachie mzee.